Namna ya kuchagua sakafu ya uwanja wa mbwa katika parseli ya Goma

Anayefuga mbwa Goma hukuta kwamba ardhi imekwisha kumwamulia mambo mengi kabla hajasimamisha nguzo ya kwanza ya uzio. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya lava iliyoganda: ile ya zamani, ile iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 na kupita katikati ya mji hadi ziwani, na upande wa kaskazini ile ya tarehe 22 Mei 2021, iliyosimama karibu na Buhene. Udongo ni haba, mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na maji ya bomba hayafiki kila nyumba. Ushauri unaomfaa mkazi wa Bukavu, mwenye udongo mwekundu wa kina unaoteleza mlimani, hauwezi kuhamishiwa huku kama ulivyo.

Sakafu ya uwanja wa mbwa hupimwa kwa maswali mawili: mkojo na maji ya mvua vinakwenda wapi, na je, kinyesi kinaweza kuokotwa chote? Lava hulijibu swali la kwanza vizuri sana na la pili vibaya sana, na watu wengi hudanganywa na jibu lile la kwanza. Wanaona uwanja umekauka muda mfupi baada ya mvua kubwa, wanauhesabu kuwa safi, kumbe uchafu wote umeteremka katika nyufa na matundu ambamo koleo wala ufagio havifiki, na humo humo viroboto na kupe wanazaliana kwa amani. Mwongozo huu unafuata maswali hayo mawili kuanzia kuchagua mahali hadi kutunza sakafu iliyokwisha kujengwa.

Hatua ya kwanza: kagua mahali kabla ya kufikiria vifaa

Wakazi wa Goma wanayajua mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka katika nyufa za ardhi na kutuama kwenye mabonde madogo na mashimo, hasa upande wa magharibi kuelekea Sake na kandokando ya ziwa. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani kwa macho, na hukusanyika zaidi usiku na alfajiri, wakati upepo umetulia na jua halijaipasha ardhi joto. Mtu mzima anaweza kusimama ukingoni mwa shimo la namna hiyo asihisi neno, huku mbwa aliyelala chini, hatua chache mbele yake, akizimia na kufa, kwa kuwa pua yake iko pale pale hewa mbaya ilipo. Kwa hiyo uwanja wa mbwa usiwekwe kamwe katika sehemu iliyodidimia, hata kama ndiyo sehemu pekee ya parseli, yaani kiwanja chako, yenye kivuli na hata kama hujawahi kusikia habari ya mazuku katika mtaa wako.

Ukikuta mijusi, panya au ndege waliokufa shimoni bila jeraha, au majani yaliyonyauka mahali pamoja ilhali ya jirani ni mabichi, usiiname kuchunguza na usimtume mtoto kuchungulia. Ondoka, waulize wazee wa mtaa, na uwaarifu wataalamu wa Observatoire Volcanologique de Goma, kituo kinachochunguza volkano. Kulijaza shimo mawe si dawa, kwa sababu hewa hiyo hupenya katikati ya mawe na kuendelea kupanda.

Mahali panapofaa ni upande wa parseli ulioinuka kidogo, unaopata jua la asubuhi na kivuli cha ukuta au mti kuanzia saa sita mchana. Jua la asubuhi lina kazi: hukausha sakafu, na ukavu huua mabuu ya minyoo. Kivuli cha mchana nacho ni cha lazima, maana lava ni nyeusi na hushika joto kiasi kwamba ukiweka kiganja juu yake saa nane za mchana wa Julai unakiondoa upesi. Mbwa hana viatu. Jaribu kuacha kiganja chako juu ya ardhi kwa sekunde tano. Kama huwezi, naye hawezi kusimama hapo.

Hatua ya pili: mwaga bidoni moja ya maji

Jaza bidoni ya lita 20, uimwage yote kwa mkupuo katikati ya mahali ulipopachagua, kisha usimame uangalie. Jaribio hili dogo linafundisha mengi kuliko maelezo ya fundi yeyote.

Maji yakitoweka papo hapo, uko juu ya lava yenye nyufa au juu ya kokoto nyepesi zenye matundu. Hutakuwa na tope, lakini kila kitakachomwagika kitakwenda chini usikokujua, na kama wewe au jirani mna tangi la maji ya mvua lililochimbiwa ardhini karibu na hapo, uwanja ni lazima uhamishwe mbali nalo. Maji yakitiririka kuelekea upande mmoja, uko juu ya lava tambarare isiyonyonya. Fuata mkondo uone unaishia wapi, kwa sababu ukiishia mlangoni pa jirani ugomvi utaanza na mvua za Septemba. Maji yakituama, basi mwenye parseli wa zamani alileta udongo akaushindilia juu ya mwamba, na hapo ndipo kazi ni kubwa zaidi: udongo huo mwembamba hulowa, hugeuka tope, na chini yake kuna mwamba unaozuia tope lisikauke.

Hatua ya tatu: hesabu maji uliyonayo ya kusafishia

Hatua hii husahauliwa na wengi. Sakafu ya zege ni safi kama inaoshwa. Isipooshwa, mkojo hukauka juu yake tabaka juu ya tabaka, na harufu yake humuumiza mbwa macho na pua kabla haijamfikia jirani. Kuosha zege la mita za mraba sita kwa brashi ngumu kunataka bidoni moja hadi mbili kila mara. Familia inayonunua maji yanayoletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, au inayoyabeba kutoka ziwani, ijiulize kwa uaminifu kama bidoni hizo zitapatikana kila siku mwezi wa Julai kama zinavyopatikana mwezi wa Novemba, mabati yanapovuna mvua. Kama hazitapatikana, zege liwe dogo, na eneo lililobaki liwe la kokoto, ambazo husafishwa kwa kuokota na kwa mvua. Zege kubwa lisilo na maji ni baya kuliko zege dogo linalosuguliwa.

Hatua ya nne: pima vifaa vinavyopatikana

Lava tupu haifai, hata kama imesawazishwa kwa nyundo. Chukua kitambaa chakavu cha pamba, ukikokote polepole juu ya mwamba, kisha ukiangalie: nyuzi zilizonaswa na kukatika zinakuonyesha kitakachozipata nyayo za mbwa anayekimbia na kugeuka ghafla kila apitapo mtu nje ya uzio. Michubuko midogo ya nyayo haionekani kwa urahisi kwa sababu mbwa huilamba. Huonekana pale anapoanza kuchechemea, na kufikia hapo uchafu umekwisha kuingia.

Udongo wa kuletwa nao haufai peke yake, na sababu kubwa ni minyoo. Mayai ya minyoo ya safura yanayotoka na kinyesi cha mbwa huanguliwa katika siku moja au mbili penye unyevu na joto, na ndani ya wiki moja hivi mabuu huwa tayari kupenya ngozi ya nyayo za mbwa au ya mguu wa mtoto anayetembea pekupeku. Mayai ya minyoo mingine ya mbwa, ile mirefu ya mviringo wanayoipata watoto wa mbwa kutoka kwa mama yao, hustahimili miaka kadhaa udongoni, na mtoto mdogo anayetia mkono wenye udongo kinywani anaweza kuyameza, nayo yakamdhuru ini au jicho. Mchanga mkavu unapendeza kuutazama na ni laini kwa mbwa, lakini ndio nyumba ya funza na viroboto, nao ukilowa huyahifadhi yale yale mabuu ya safura. Mwenye watoto wadogo nyumbani asiuweke mchanga katika uwanja wa mbwa.

Majani hayadumu Goma juu ya udongo wa kina cha kiganja. Mkojo huyaunguza na makucha humaliza kazi.

Maranda ya mbao kutoka kwa maseremala yanafaa ndani ya kibanda cha mama aliyezaa, yakibadilishwa kila yanapolowa. Nje kwenye mvua huoza. Mbao zenyewe ni nzuri kwa kitanda kilichoinuliwa, si kwa sakafu nzima, maana hunyonya mkojo. Hapa pana onyo: usipake mbao za mbwa mafuta machafu ya injini ili zisiliwe na mchwa. Mbwa hulamba na kutafuna alaliapo, na mafuta hayo ni sumu.

Kokoto ndizo zinazostahili kufikiriwa kwa makini, kwa sababu ndizo rahisi zaidi kupatikana na ndizo zinazokosewa zaidi. Kokoto za lava zilizopondwa zina ncha kali pande zote. Zikimwagwa tu kama zilivyotoka kwa wapondaji, ni lava tupu kwa sura nyingine. Tafuta kwanza changarawe zilizolainishwa na maji. Zikikosekana, chekecha zile zilizopondwa upate za milimita 6 hadi 10, uziweke kwenye pipa la zamani pamoja na maji na mchanga kidogo, ulifunge na kulibingirisha, kisha urudie jaribio la kitambaa. Kazi hiyo inachosha, lakini inapunguza ncha nyingi. Kokoto kubwa za ujenzi, za milimita 20 na zaidi, huumiza mifupa ya mguu na hufanya kinyesi kidumbukie katikati yake kisiokoteke. Vumbi la kokoto nalo lichujwe litupwe, kwa kuwa likilowa huziba nafasi za maji na kugeuka tope jeusi.

Kuna mbwa ambao kokoto haziwafai kabisa: watoto wa mbwa, na mbwa wazima wenye tabia ya kumeza mawe. Jiwe likikwama utumboni dawa yake ni upasuaji, na mbwa wengi hufa kabla ya kuufikia. Mbwa wa namna hiyo wawekewe zege hata kama maji ni ya shida, na uwanja wao upunguzwe ukubwa ili maji yatoshe.

Zege ndilo pekee linalojibu maswali yote mawili kwa ukamilifu, mradi lina mteremko na uso wake hauna nyufa. Kinyesi huokotwa chote, mkojo huoshwa, na kama nyumba imepatwa na parvo, ugonjwa ambao virusi vyake huweza kuishi udongoni miezi mingi, sakafu ngumu ndiyo inayoweza kusafishwa kwa javeli, ile dawa ya klorini ya kusafishia, ikaaminika tena. Lina kasoro zake: ni gumu, huotesha sugu kwenye viwiko vya mbwa mzito, na usiku ni baridi katika mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kasoro hizo zinatibika kwa kitanda cha mbao kilichoinuliwa sentimita 10 hadi 15.

Hatua ya tano: changanya zege na kokoto

Kwa parseli nyingi za Goma ushauri wangu ni sakafu ya mchanganyiko: zege chini ya paa, mahali mbwa anapolala, anapokula na anapokunywa, na kokoto kwenye sehemu ya wazi anapokimbia. Tuchukue uwanja wa mita 3 kwa 6, unaowatosha mbwa wawili wa kimo cha wastani wanaofunguliwa kila siku.

Pima mita 2 upande wa ukutani, kwa upana wote wa mita 3, ziwe za zege. Vunja vilele vya lava kwa nyundo, jaza mashimo kwa mawe madogo, kisha mimina kokoto ndogo juu yake na ushindilie mpaka mguu usiyumbe. Zege la unene wa sentimita 8 kwa eneo hilo la mita za mraba 6 ni karibu nusu mita ya ujazo. Kwa uwiano wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, utahitaji mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50, na ni busara kuwa na wa nne wa akiba. Mchanga na kokoto ziwe safi, na maji yasizidi, kwa sababu zege jepesi kama uji hupasuka likikauka.

Weka mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kuelekea nje, yaani tofauti ya sentimita 4 kutoka mwanzo hadi mwisho. Msimamie fundi kwa pima maji mpaka umeridhika, maana mteremko ukikosewa siku hiyo hausahihishwi kwa ufagio maisha yote. Gawanya zege katikati kwa ubao mwembamba ili liwe vipande viwili visivyoshikana: ardhi ya Goma hutetemeka, na matetemeko yaliyofuata mlipuko wa 2021 yalipasua sakafu nyingi. Ufa ukitaka kutokea, utokee pale ulipouandalia, na baadaye uuzibe nafasi hiyo kwa saruji laini kila inapoachia. Kabla zege halijashika, lipitishie ufagio mgumu kwa kufuata mteremko, upate mistari midogo inayomzuia mbwa asiteleze. Usikubali kulainishwa kwa mwiko mpaka ling'ae.

Lifunike kwa magunia na ulimwagilie kwa siku saba. Katika siku hizo mbwa asilikanyage, kwa sababu saruji mbichi huunguza nyayo, na mbwa huilamba anapojisafisha. Baada ya hapo lioshe kwa maji mengi mara mbili au tatu kabla ya kumrudisha.

Mwisho wa mteremko chimba au jenga mfereji wa upana wa sentimita 15, upite kati ya zege na kokoto na kutoka nje ya uzio hadi shimo la mawe lililo mbali na tangi la maji na mbali na bustani. Mfereji huu ndio unaozuia mkojo wa zege usiingie kwenye kokoto. Ukiuacha, kokoto zitanuka kabla ya miezi mitatu na utalaumu kokoto bure.

Sehemu iliyobaki, mita za mraba 12 hivi, isawazishwe kwa tabaka la mawe ya ukubwa wa ngumi, sentimita 10. Juu yake tandika magunia ya nailoni yaliyofumwa, yale ya unga au mchele, yakipishana upana wa kiganja. Magunia hayo hupitisha maji na huzuia kokoto zisididimie katika matundu ya lava. Kisha mwaga kokoto ulizozichagua, sentimita 10, ambazo ni mita ya ujazo moja na robo hivi. Pembeni panga mawe makubwa yaliyoshikwa na saruji, ili kokoto zisitawanyike na mbwa asichimbe chini ya uzio.

Hatua ya sita: itunze tangu siku ya kwanza

Okota kinyesi kila siku, asubuhi na jioni ikiwezekana, kabla mayai ya minyoo hayajapata muda wa kuanguliwa. Kitupwe chooni, kamwe kisitupwe kwenye shamba la lengalenga wala kwenye lundo la mbolea, na mwenye kukiokota avae viatu. Hakuna dawa ya sakafu inayochukua nafasi ya kazi hii. Javeli yenyewe haiyaui mayai ya ile minyoo ya mviringo, ambayo huondoka kwa kuokotwa na kusuguliwa tu.

Zege lisuguliwe kwa sabuni na kusuuzwa kwanza, ndipo limwagiwe javeli, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, likae dakika kumi, kisha lisuuzwe tena kabla mbwa hajarudi. Utaratibu huo usibadilishwe: javeli ikikutana na mkojo uliolala hutoa hewa inayochoma mapafu ya mbwa na ya mwenye kuosha, hasa chini ya paa la chini.

Kokoto zigeuzwe kwa reki mara moja kwa wiki siku ya jua, ili za chini zipande zikauke. Pale mbwa alipochagua kukojolea kila siku, kwa kawaida kona moja au mguuni mwa nguzo, ondoa kokoto kwa koleo kila baada ya miezi michache, zioshe au uzibadilishe. Katika miezi ya kwanza kagua nyayo za mbwa kila juma: mlaze ubavu, fungua nafasi za vidole kwa kidole gumba, tafuta jiwe lililonasa, funza, kupe au ngozi iliyochubuka. Michubuko ikirudi mahali pale pale, kokoto bado ni kali na zichekechwe upya. Wekundu katikati ya vidole bila jeraha mara nyingi hutokana na kusimama kwenye unyevu, na hapo uangalie mfereji kabla ya kununua dawa.

Mwezi wa Agosti, kabla ya mvua, zibua mfereji, ziba nyufa za zege, na uongeze kokoto pale zilipopungua chini ya sentimita 7, kwa sababu zikiwa chache mbwa huyafikia magunia, huyatafuna, na nyuzi za nailoni humezwa.